Mzabibu wa uani Kibokoni haujazaa miaka minne, wa Naivasha unazaa: twende bara tukauone?

*"Assalaam aleikum. Mimi ni mkaazi wa Kibokoni, Mombasa. Ndugu yangu anafanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha na ametualika likizo ya Agosti. Anasema huko kuna shamba la mizabibu, na bi mkubwa tangu asikie hana usingizi, ataka kuiona kwa macho yake. Ana miaka 68, ana presha na anameza dawa kila siku. Mwaka juzi alikwenda Umra akarudi salama, lakini majirani wanasema mwenye presha akipandishwa juu bara damu humpanda kichwani. Wengine wanasema si adabu sisi kukanyaga shamba la mvinyo, na mwenzangu kazini anasema kule usipokunywa japo kijiko cha mvinyo hulali kwa baridi. Tutakuwa mimi, bi mkubwa na wanangu wawili, wa miaka 12 na 9. Huyu mdogo ana selimundu lakini hajaugua tangu mwaka jana. La mwisho: nina mzabibu uani, huu mwaka wa nne, umetanda hadi paa la jirani na haujatoa hata kishada kimoja. Vipi mti ule unazaa kwenye baridi na huku kwenye jua unanigomea?"*

Wa aleikum salaam, dada yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili. Umeandika mistari kadhaa juu ya presha ya bi mkubwa na nusu mstari juu ya mwanao mdogo, nami nitaanza na huo nusu mstari. Kazi yangu ni mizabibu na matunda ya nyanda za juu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwapandisha watu wa pwani bara kwenda kuyaona. Udaktari si wangu. Lakini katika safari zote hizo, mgeni anayenitia wasiwasi kuliko wengine ni mwenye selimundu, na mara nyingi jamaa zake hawamtaji mpaka tumeshafika.

Chembe nyekundu za damu za mtoto huyu hubadilika umbo zikawa kama mundu pale oksijeni inapopungua, mwili unapokaukiwa na maji, au baridi inapombana. Zikishapinda hazipiti vizuri kwenye mishipa myembamba. Zinasongamana, na hapo ndipo maumivu ya mifupa, ya kifua au ya tumbo yanapoanza. Sasa itazame safari yenyewe. Unamtoa mtoto usawa wa bahari unampeleka penye ziwa lililo zaidi ya mita 1,880 juu ya bahari, na njiani, mkipita barabara ya juu ya Limuru, gari linapita mita 2,400 kabla halijaanza kuteremka Bonde la Ufa. Mgandamizo wa hewa Naivasha ni kama sehemu nne kati ya tano ya ule wa Mombasa, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu kwa kadiri hiyo. Usiku joto linashuka hadi nyuzi 8 au 10. Na mtoto anayesikia baridi hanywi maji, kwa kuwa kiu haimjii. Mambo yote matatu yanamkuta mahali pamoja.

Sisemi asiende. Nasema uamuzi huu usiuchukue kwangu wala kwa majirani. Mpeleke kliniki anakohudhuria wiki tatu au nne kabla ya safari, useme waziwazi: tunakwenda Naivasha, mita 1,900, siku kadhaa, ni baridi. Wampime damu, wamtazame bandama, wakwambie dawa gani za maumivu ubebe na utampaje. Kama anatumia haidroksiyurea, ile dawa ya selimundu, asikose hata siku moja. Omba barua fupi yenye maelezo ya ugonjwa wake, uitie kwenye mkoba pamoja na kadi ya kliniki. Ndugu yako naye aulize leo, si siku ile, hospitali gani iliyo karibu inapokea wagonjwa usiku. Kwamba mtoto hajaugua tangu mwaka jana ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini mwaka huo wote alikuwa kwenye joto la Kibokoni.

Wakimruhusu, atembee na chupa yake ya maji, na wewe ndiwe umkumbushe kunywa. Asiogelee kwenye bwawa la hoteli hata jua likiwa kali, maana maji yale yana baridi ya usiku uliopita. Asikimbizane na wenzake siku ya kwanza. Akianza kulalamika mifupa, akipata homa, akipumua kwa shida, macho yakigeuka manjano au uso ukipauka ghafla, usingoje kupambazuke.

Nije kwa bi mkubwa. Hofu ya damu kupanda kichwani ni ya zamani na naielewa ilikotoka: mtu hufika bara, anaumwa kichwa, masikio yanaziba, basi inasemwa ni damu. Masikio yanaziba kwa sababu ya hewa iliyonaswa nyuma ya ngoma ya sikio gari linapopanda na kushuka, na kumeza mate au kutafuna kitu huyazibua. Kichwa huuma kwa uchovu, kwa kutokunywa maji, na kidogo kwa uchache wa oksijeni. Ugonjwa wenyewe wa mwinuko kwa kawaida huanza mtu anapolala juu ya mita 2,500, na Naivasha haifiki huko.

Ninao ushahidi mzuri zaidi, na umeuandika mwenyewe. Bi mkubwa alikwenda Umra. Ndani ya ndege, hata ikiwa angani mbali kabisa, hewa hutunzwa kwa kipimo cha mtu aliyesimama mlimani kwenye mita kama 1,800 hadi 2,400. Kwa saa zote zile za kwenda Jeddah alikuwa anavuta hewa ya Naivasha, na alishuka na miguu yake.

Lililo kweli katika maneno ya majirani ni hili dogo: siku za mwanzo moyo huongeza mapigo kiasi, na baridi huibana mishipa, basi presha inaweza kupanda kidogo. Kwa mtu ambaye presha yake imetulia kwa dawa, hilo kwa kawaida hubebeka. Kinachowaangusha wazee safarini nimekishuhudia mara nyingi, nacho ni kuruka dawa. Mzee ana kile kidonge kinachomkojoza, anajua kwenye basi au treni kwenda msalani ni shida, basi kimyakimya anakiacha siku ya safari, na siku ya pili anakiacha tena kwa sababu bado ni mgeni nyumbani kwa watu. Muulize bi mkubwa kwa upole na umsimamie. Apimwe presha wiki moja kabla ya safari na tena siku ya pili mkifika. Ikiwa bado inazidi 160 kwa 100 pamoja na dawa, au anahema akipanda ngazi za nyumba yenu mwenyewe, au miguu inavimba, au alipata kiharusi au shida ya moyo miezi ya karibuni, asifunge mkoba mpaka daktari wake amuone.

Kwa wote wanne, mpande kwa hatua. Shikeni treni ya Miritini hadi Nairobi, kama saa tano hadi sita, mlale Nairobi usiku mmoja. Nairobi nayo iko juu, karibu mita 1,700, kwa hiyo mwili unaanza kuzoea mkiwa mmelala. Kesho yake mteremke Naivasha jua likiwa limetoka. Dereva akitaka kusimama pale watu wanapotazamia bonde, mama na mtoto wabaki garini na vioo vimefungwa. Upepo wa pale unapenya hadi mfupani. Mkipita njia ya chini ya Mai Mahiu mtaona kanisa dogo kando ya barabara lililojengwa na mateka Waitalia mwaka 1942, nao ndio waliochonga barabara ile. Hapo ni chini na kuna joto kidogo, kusimama hakuna neno.

Kuhusu baridi yenyewe, watu wetu huiogopa mchana na kuidharau usiku, na ingefaa wafanye kinyume. Miezi mingi mchana Naivasha jua linawaka vizuri, nyuzi 24 au 25, na kwa kuwa hewa ni nyepesi miale yake inaunguza ngozi upesi kuliko ya Mombasa. Bebeni kofia. Jua likizama ndipo mambo hubadilika kwa saa moja tu. Mombasa ni kama sufuria iliyofunikwa: unyevu wa hewa ya bahari ndio kifuniko, joto la mchana halitoki usiku. Kule hakuna kifuniko. Hewa ni kavu, mawingu machache, na ardhi inapoteza joto lake lote kuelekea mbinguni. Saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote, saa ambayo bi mkubwa ataamka kutawadha. Mchemshieni maji ya udhu, na amalize kuvaa soksi kabla hajatoka kitandani.

Nguo msinunue za gharama. Fulana ya ndani inayobana mwili, shati, sweta, halafu leso juu. Tabaka nyingi nyembamba zinashika joto kuliko koti moja zito. Soksi za kulalia kwa kila mtu, kofia ya sufu ya mtoto. Marikiti ya mitumba ya Kongowea itakupa vyote hivyo, maana huku hakuna anayevigombania.

Na jambo hili naomba ulishike kwa mikono miwili: msiingize jiko la makaa chumbani. Ndugu yako kwa ukarimu atalileta, na chumba kitapata joto zuri, na watoto watalala fofofo. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, nayo humlaza mtu asiamke. Kwa mwenye selimundu, ambaye damu yake inabeba oksijeni kwa taabu, hatari ni mara mbili. Pikieni nje, mjaze maji moto kwenye chupa ya mpira, mzungushie leso, mweke miguuni.

Kijiko cha mvinyo nacho hakileti joto. Kileo hutanua mishipa ya ngozi, damu ya moto ikaja juu, mtu akajisikia uso umewaka. Kumbe joto la ndani ndilo linalotoka. Anayekunywa ili apate joto anazidi kupoa. Tena hakichanganyiki vizuri na dawa za presha. Chai ya tangawizi inatosha kabisa.

Kuna kutetemeka kwa namna nyingine ambako watu wa pwani tunakosea. Niliwahi kuwapandisha jamaa kutoka Likoni, na usiku wa pili kijana wao mmoja akaanza kutetemeka. Kila mtu akasema ni baridi, akarundikiwa mablanketi matatu. Nilipomgusa shingo alikuwa anawaka. Tulimpeleka zahanati, kipimo cha damu kikaonyesha malaria, aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Naivasha malaria ni chache, na muuguzi wa kule huenda lisimjie wazo hilo, wewe ndiwe useme, "tumetoka Mombasa, tupimieni malaria." Anayetetemeka kwa baridi ngozi yake ni ya baridi. Ukimkuta wa moto, acha blanketi, tafuta kipimo.

Sasa tufike kwenye mizabibu, ambako ningeweza kukaa hadi jioni.

Swali lako la mwisho ndilo lililonifurahisha, kwa kuwa limegusa kosa ambalo hata wakulima wanalo. Unadhani baridi ndiyo inayouzalisha mzabibu. Mzabibu unazalishwa na mkasi. Kule Ufaransa mti huu unapukutisha majani wenyewe baridi ya Novemba inapoingia, unalala miezi mitatu minne, na jua la machipuko linapouamsha macho yote, yaani vile vichipukizi vya kwenye tawi, yanafumuka kwa pamoja. Naivasha haina majira hayo, ni chini kidogo tu ya mstari wa ikweta, mwaka mzima siku ina saa kumi na mbili. Mzabibu ukiachiwa kule haulali hata siku moja. Unafanya ulivyofanya wako: unakimbia mbele, ncha ya tawi inanyonya nguvu zote, macho ya nyuma yanabaki yamefumba. Kwa hiyo mkulima anaulaza kwa mkono. Anapunguza maji, anang'oa majani, anakata matawi mafupi, na mti unaamka kama uliotoka usingizini. Dodoma wanafanya hivyohivyo, na ndiyo maana zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, katika nchi ya mita 1,100 ambayo hakuna mtu anayeiita ya baridi.

Baridi basi kazi yake ni nini? Ni ladha. Chukua embe. Likiwa bichi ni chachu la kukunja uso, na kadiri linavyoiva kwenye joto uchachu unakwisha hadi linabaki sukari tupu. Tunda linapumua mchana na usiku, na katika kupumua linateketeza uchachu wake kama kuni. Usiku ukiwa wa moto, kuni zinakwisha upesi. Usiku ukiwa wa nyuzi 9, tunda linalala, na kesho yake jua likitoka linaendelea kutengeneza sukari huku uchachu wake bado upo. Linachukua muda mrefu kuiva na linaiva na vyote viwili. Jua kali la juu linaipa ngozi rangi nzito. Ukitia kinywani zabibu ya namna hiyo, utamu unakuja kwanza, halafu uchachu unaufuata na kuusafisha, kisha ngozi inakuacha na ukakasi kidogo kama wa chai ya rangi. Watengenezaji wa mvinyo wanautafuta uchachu huo kwa kila hali, maana mvinyo usio nao hauna uhai na huharibika mapema.

Ndiyo sababu mashamba haya yanafuata mwinuko. Kila ukipanda mita 1,000, joto linapungua kama nyuzi 6 na nusu. Huko Australia, mbali na ikweta, eneo la Orange linahesabu mashamba yake ya baridi kuanzia mita 600 tu. Sisi tulio kwenye ikweta tunalazimika kupanda mara tatu ya hapo, na hata tukifika Naivasha, kwa wastani wa nyuzi kama 17, kwa vipimo vya watu wa mvinyo hatujaingia kwenye ubaridi wa kweli. Lakini bonde lile lina majaliwa mengine: udongo wa volkeno kutoka Longonot unaopitisha maji, na milima ya Nyandarua na Mau inayozuia mvua pande mbili, kwa hiyo hewa ni kavu na ukungu wa majani haustawi. Mvinyo unaojulikana zaidi wa huko, wa shamba la Morendat, unaitwa Leleshwa, kwa jina la kile kichaka chenye majani ya kijivu yanayonukia ambacho mtakiona kila mahali mkishuka bondeni. Mvunjie bi mkubwa tawi moja alinuse. Mwenye kupenda rihani na kilua atalipenda.

Pigeni simu kwanza kabla ya kwenda shambani, na usiulize tu kama mko wazi. Uliza mizabibu iko hatua gani. Mkifika wiki ambayo imekatwa mtaona vijiti vikavu na nyaya, na bi mkubwa atavunjika moyo. Ombeni mpokewe saa mbili asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani. Muulizeni mtunza shamba awaonyeshe tawi lililokatwa na macho yake yalipo. Utajifunza kwa dakika kumi kuliko kwa barua yangu hii.

La adabu na dini, sheikh wenu ndiye wa kuulizwa, sitamwingilia. Nitakukumbusha jambo unalolijua. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipofukuzwa na watu wa Taif kwa mawe, alikimbilia kwenye bustani ya mizabibu, na mtumwa Addas akamletea kishada cha zabibu kwenye sahani. Taif iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, kimo cha Naivasha hasa, ilhali Makka chini kuna joto lisilostahimilika. Tangu enzi zile watu wa nchi ya joto walijua kwamba zabibu nzuri zinafuatwa mlimani. Wageni wangu wengi ni Waislamu. Tunatembea mistarini, tunakula zabibu zikiwepo, na panapofunguliwa mapipa tunabaki nje kivulini. Mwambie mwenyeji mapema kwamba kundi lenu halionji, wala hakuna anayechukia.

Sasa nipime njia zilizopo, kwa ukweli. Agosti siipendi kwa kundi lenu. Juni hadi Agosti kule mawingu hufunika hata mchana, kwa hiyo baridi ya usiku haipati wa kuifidia, na mtoto atakaa siku nzima amejikunyata. Nusu ya pili ya Desemba usiku haupishani sana na huo, lakini mchana una jua na mwili unapata kurudisha joto lake. Kama shule na ndugu yako vinaruhusu, sogezeni hadi Desemba, ila tiketi za treni mzikate mapema kwa kuwa msimu ule wa Krismasi zinakwisha.

Daktari akisema mita 1,900 ni nyingi kwa mtoto, msivunje safari, ibadilisheni. Lushoto, ng'ambo ya mpaka kwenye milima ya Usambara, iko karibu mita 1,400, na karibu na Soni kuna watawa wa Kibenedikto wa Sakharani walio na shamba na mvinyo wao. Mnapita Lunga Lunga, Tanga, Segera hadi Mombo, kisha kilomita 33 za kupanda kwa kona. Mnahitaji hati za kusafiria za wote, watoto pia, na beba vyeti vya homa ya manjano. Kwa bi mkubwa nadhani hata ingempendeza zaidi: kila mtu anasema naye Kiswahili sokoni. Lakini ndugu yako hayupo huko, na hilo nalo ni uzito. Iwapo hamna hakika kabisa mtoto atafanyaje kwenye baridi, anzeni na Wundanyi, Taita, wikendi moja. Hakuna mizabibu, ila pana baridi ya kweli, na mkiona mambo hayaendi mnashuka Voi kwenye joto kwa muda usiozidi saa moja na nusu.

Nimalize na mzabibu wako. Kwanza nijibu: uliupanda kwa kipande cha tawi au kwa mbegu ya zabibu mlizokula? Kama ni mbegu, unaweza kungoja miaka mingi na usipate kitu. Tafuta kipande cha tawi kutoka kwa mtu ambaye wake unazaa. Kama ni tawi, upo uwezekano mzuri.

Wiki mbili za mwisho za Novemba acha kuumwagilia. Wiki ya kwanza ya Desemba, vuli ikiwa inakata, ng'oa majani yote, hata kama moyo utakuuma. Shina libaki moja, na mikono miwili, yaani matawi makuu utakayoyalaza kwenye waya, mmoja kulia mmoja kushoto. Kile kilichokwenda paa la jirani kiondoke chote. Kisha tafuta matawi ya msimu uliopita, ya kahawia, magumu, unene wa penseli. Matawi mabichi ya kijani na yale mazee yenye magome hayakuletei zabibu. Shika tawi moja la namna hiyo uhesabu macho kutoka mkononi mwa mti: moja, mbili, tatu, nne, kata juu kidogo ya la nne, mkato wa mshazari. Mengine mawili matatu yaachie macho manane hadi kumi, kwa kuwa kwenye joto letu macho ya chini mara nyingi yana majani matupu. Kishada huumbika ndani ya jicho msimu mzima kabla hakijaonekana, na jicho lililokaa gizani chini ya majani halikiumbi. Ndiyo maana miaka minne ya kivuli imekunyima. Mkato utatoa machozi ya maji siku kadhaa. Usiogope.

Maua yatakuja Januari, kaskazi ikivuma na hewa ikiwa kavu, na zabibu zitaiva kama katikati ya Machi kuendelea, kabla masika hayajaanza kuziozesha. Ukiona unga mweupe kwenye majani ni ubwiri, ndugu wa ule unaokamata mikorosho ya Kilifi. Nyunyiza salfa alfajiri, kamwe si jua la mchana, litayaunguza. Msitarajie ladha ya Naivasha. Usiku wa Kibokoni utateketeza uchachu, zitakuwa tamu na laini, za kula na kuwagawia majirani.

Mkisogeza safari hadi Desemba, ukate kabla ya kwenda stesheni ya Miritini. Mkikaa bara siku kumi, mtarudi mkute macho yameanza kufumuka.